Spika za chumba kidogo kwa anaesikiliza sauti ya chini: Wharfedale, Q Acoustics, Klipsch, KEF au Edifier?

Nianze na chumba maana kila kitu kimetokea humo. Nakaa Moshi, Pasua, nyumba ya kupanga, sebule yangu ni futi 10 kwa 12, juu bati na silingibodi, chini marumaru, ukuta mmoja nachangia na bibi wa jirani ambae saa tatu usiku keshalala, na nyuma ya pazia kuna mtoto wa miezi tisa. Muda wangu wa muziki ni saa nne usiku mpaka saa sita hivi, dansi la zamani, taarabu na rumba ya Kongo, na sauti inabidi iwe chini kiasi kwamba mtu akiongea kawaida hapo sebuleni unamsikia bila yeye kupaza. Huo ndo usikilizaji ninaouzungumzia. Kama wewe unapenda muziki uskike mpaka kwa bodaboda waliopaki nje, machaguo yangu mengi hayatakufaa.

Spika zangu za zamani nilizinunua Arusha mwishoni mwa 2015, kipindi kile ICTR, mahakama ya kesi za mauaji ya Rwanda, inafungwa na wageni wanauza vitu warudi kwao. Zilikua boksi kubwa za njia tatu (besi, kati na juu kila moja na spika yake), wufa, yaani ile spika ya besi, ya inchi 10, nilizipenda kweli. Mwaka jana ile sponji inayozunguka wufa ikaoza, ukiigusa inabaki kidoleni kama majivu. Nikapeleka kwa fundi, akabandika raba ngumu aliyoikata mwenyewe, nikazirudisha nyumbani, na mchana ukifungulia zilikua zinapiga vizuri tu, ila usiku nikishusha sauti besi gitaa limepotea, tumba hazina tumbo, mwimbaji anaskika kama anaongea kwenye simu. Raba ngumu inaizuia wufa kushuka chini kwenye besi, sauti ikiwa kubwa hugundui, ikiwa ndogo ndo unaona pengo lote. Hapo nikaelewa kwamba spika kupiga vizuri mchana na spika kupiga vizuri usiku ni vitu viwili, nikaanza kutafuta mbadala nikiwa na swali moja tu: ipi inabaki kamili ukiishusha?

Sikio lenyewe lina mchango

Sio spika peke yake jamani. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Bell Labs kule Marekani, walipima masikio ya watu wakaonyesha kwamba sauti ikishuka sikio linapoteza besi haraka kuliko linavyopoteza sauti za kati. Vipimo vya namna hiyo vimerudiwa na kuboreshwa, leo ni kiwango cha kimataifa kinaitwa ISO 226. Kwa namba iko hivi: muziki ukiwa kwenye desibeli 80, ambayo ni sauti kubwa ya kusikiliza nyumbani, noti ya besi ya 50 Hz (mitetemo 50 kwa sekunde) inahitaji desibeli kama 22 zaidi ili uiskie sawa na sauti ya kati ya 1000 Hz. Ukishusha mpaka 60 inahitaji kama 30. Ukishusha mpaka 40 inahitaji kama 38. Yaani kila unapopunguza desibeli 20 kwenye muziki mzima, besi inakukimbia nyingine 8 juu ya hapo. Kwa hiyo spika ambayo mchana inaonekana imenyooka na safi, usiku itaskika nyembamba, na ile ambayo mchana ina unene kidogo wa besi usiku inakaa sawa. Hili ndo limebadilisha kabisa namna ninavyochagua.

Na wati? Wauzaji wengi wakikuona tu wanakutajia wati. Hesabu ndogo: spika yenye usikivu wa desibeli 88 maana yake ukiipa wati 1 na ukasimama mita 1 unapata desibeli 88. Ukikaa mita 2 zinapungua kama 6, zinabaki 82 (chumbani hazipungui hata 6 kamili kwasababu kuta zinarudisha). Mimi vilele vya muziki wangu usiku ni kama 65. Kutoka 82 kushuka 65 ni desibeli 17, na hiyo ni kugawa nguvu kwa 50. Wati 0.02 kwa kila spika! Kwa hiyo amplifaya ya wati 20 na ya wati 200 kwangu ni sawa sawa, na spika iliyoandikwa wati 300 mgongoni haina chochote cha kunisaidia.

Wharfedale Diamond 12.1 na Q Acoustics 3020i

Hizi mbili nazikalisha pamoja maana ndo zilizobaki mwisho na ndo nadhani watu wengi wenye bajeti ya kawaida wataishia kwenye moja wapo. Ukizisoma kwenye karatasi unaweza ukadhani ni mapacha. Zote za makampuni ya Uingereza, zote njia mbili, zote usikivu desibeli 88. Wharfedale ina wufa ya milimita 130 na inashuka mpaka 65 Hz, Q ina wufa ya milimita 125 na inashuka mpaka 64 Hz. Zote zina bomba la besi nyuma, lile tundu la kupitishia hewa. Kina chake pia zinakaribiana, kama sentimita 28, kwa hiyo juu ya meza ya TV yenye sentimita 40 zote zinakaa ila nyuma zinabakiwa na nafasi ndogo.

Q nilikaa nayo wiki mbili, aliniazima jamaa yangu wa Arusha, wa Kijenge, tukaipakia kwenye kosta imefungwa na blanketi. Ni spika nyororo, trebo haichomi hata kwenye rekodi za zamani zenye mikwaruzo, na sauti ya mtu inakaa katikati ya chumba utadhani kuna mtu amesimama pale kwenye meza. Halafu inakuja na vizibo vya sponji vya kuziba lile bomba la nyuma, na sehemu ya kuchomekea waya wameiweka nyuma kwa chini, ya kukaa bapa, ili uweze kuisogeza karibu na ukuta. Hicho kitu kinaonyesha waliotengeneza walifikiria vyumba vya watu wa kawaida. Nilipoiweka sentimita 10 kutoka ukutani bila vizibo besi ikawa inavuma kwenye noti moja moja, nikaweka vizibo ikatulia, safi kabisa, kila noti inajitegemea. Mchana ningesema hii ndo yenyewe. Ila usiku saa tano, sauti ikiwa kwenye ile robo ya chini, nikawa najikuta nasogea mbele kwenye kochi kuitafuta besi. Ipo, unaiskia, ila imekaa nyuma.

Wharfedale nilianza kuiskia kwa binamu yangu anaekaa Sakina, Arusha, chumba chake kidogo kuliko changu. Kampuni yenyewe ni ya siku nyingi, ilianza Yorkshire mwaka 1932, na hizi Diamond ndogo wamekua wakizitoa toleo baada ya toleo tangu miaka ya 80, hii ya 12 ilitoka 2020. Ina joto fulani kwenye besi ya juu, pale ambapo gitaa la besi na tumba zinakaa, sio besi ya chini kabisa ya kutingisha vikombe. Mchana ukifungulia unaweza ukasema imezidi kidogo, binamu yangu mwenyewe analalamika hivyo. Ila shusha. Shusha tena. Ile ziada inayeyuka na kinachobaki ni muziki kamili, gitaa la rithimu, la solo na la besi kila moja unalifuata njia yake, na sauti ya mwimbaji haijakonda. Nilikaa pale mpaka binamu akaenda kulala akaniacha, na niliposhtuka saa saba hiyo.

Udhaifu wake: haina unyororo wa Q kwenye sauti za watu, hasa taarabu yenye vinanda na fidla nyingi Q inazitenganisha vizuri zaidi. Na ukiibana ukutani inavuma, dawa yake ni soksi safi ya pamba, unaikunja unaichomeka kwenye bomba la nyuma, usiisukume mpaka ndani. Unaweza kuziba moja ukaacha nyingine kama spika moja iko kwenye kona na nyingine iko wazi, mimi ndo nilivyofanya.

Kwa hiyo: kama unasikiliza chini wakati wote na amplifaya yako haina namna ya kuongeza besi, Wharfedale. Kama amplifaya yako ina kitufe cha kusaidia (nitakifikia) au spika lazima zigusane na ukuta, Q inakua sawa nayo au inaizidi. Bei zisikutese sana kwenye hizi mbili, 3020i ilipotoka 2018 iliuzwa pauni 249 kule kwao na Diamond ilipotoka ilikua maeneo hayo hayo, huku kwetu inategemea imefikaje.

Kwenye zote mbili wufa imezungushiwa raba yake ya kiwandani. Baada ya yale ya majivu kidoleni, hilo kwangu halina mjadala.

Klipsch RP-600M, au kwanini usikivu mkubwa sio jibu

Watu wengi wananiambia "kama unasikiliza chini chukua spika yenye usikivu mkubwa, itaamka haraka". Nilikua naamini hivyo. Rafiki yangu wa Njiro anazo Klipsch RP-600M, wufa ya inchi 6.5, twita yake (kile kispika cha sauti za juu) iko ndani ya pembe kama tarumbeta, na kiwanda kinaandika usikivu wa desibeli 96. Ni spika za furaha kweli kweli, mchana pale kwake unapigiwa dansi la shaba unataka kuinuka.

Usiku kwenye chumba changu zilileta shida mbili. Rudi kwenye ile hesabu: badala ya 88 sasa ni 96, kwa hiyo kufika desibeli 65 zangu nahitaji kama wati 0.003. Amplifaya yangu ni ya zamani, kitufe chake cha sauti pale mwanzoni kabisa upande wa kushoto na kulia hazitoki sawa, ni ugonjwa wa vitufe vingi vya aina hiyo, na kwa Klipsch mimi nilikua naishi hapo hapo mwanzoni. Mwimbaji amehamia spika ya kulia, nikiongeza kidogo awe katikati tayari mtoto anageuka kitandani. Na ule mvumo mdogo wa amplifaya, shhh, ambao kwa spika nyingine siuskii, humu ulikua unaskika muziki ukinyamaza. Shida ya pili ni umbali, nakaa chini ya mita 2 kutoka kwenye spika, ile pembe inakulenga usoni, trebo inatangulia mbele ya kila kitu, na sauti ikiwa chini ambako besi tayari imekimbia unabakiwa na mng'aro mtupu.

Sizisemi vibaya. Ukiwa na sebule ya futi 16 kwa 20, unakaa mita 4, na amplifaya mpya ambayo sauti yake inaenda kwa hatua za kidijitali pande zote sawa, mambo yanabadilika kabisa. Ila kwa futi 10 kwa 12, hapana.

KEF, na ile ndogo ya BBC

Spika ndogo ya LS50 ilitoka 2012, KEF wakiadhimisha miaka 50, na mwaka 2020 ikafuata LS50 Meta ambayo kule Uingereza ilianza kwa pauni 1,000. Faida yake kwa chumba kidogo ni ya kweli: twita imewekwa katikati ya wufa yenyewe, wanaiita Uni-Q, ufundi walioanza nao 1988, kwa hiyo sauti zote zinatoka sehemu moja na unaweza kukaa hata mita 1 na nusu ukapata picha nzima. Kwa spika za kawaida ukikaa karibu sana unaanza kuskia twita huku na wufa kule. Kwa mtu anaekaa mezani anafanya kazi huku anasikiliza, hakuna kwenye orodha hii inayoigusa kwa hilo.

Usikivu wake ni desibeli 85, wengine wanaogopa, ila ni desibeli 3 tu chini ya Wharfedale yaani nguvu mara mbili, wati 0.04 badala ya 0.02. Halafu kitufe cha sauti kinapanda juu kidogo kikatoka kwenye ile sehemu mbovu ya mwanzoni. Kwangu hiyo ni sifa. Shida ni besi, kiwanda kinasema iko kamili mpaka 79 Hz tu, baada ya hapo inateremka, na usiku utahitaji msaada wa kitufe au ukuta. Kwa bei ile mimi siwezi kumwambia mtu anunue kwa ajili ya kusikiliza usiku peke yake.

Ila nataka kusema kitu kuhusu babu yake, LS3/5A, kwasababu ndo imenifundisha zaidi hata kama hautainunua. BBC waliibuni mwanzoni mwa miaka ya 70 kwa ajili ya magari yao ya kurushia matangazo, chumba cha nyuma ya gari, fundi sauti amebanwa, spika iko usoni. Boksi dogo lililozibwa kabisa, halina bomba. Usikivu wake ni wa chini sana, kama desibeli 82 au 83. Na wale mafundi waliliachia kwa makusudi kilima kidogo kwenye besi ya juu, maeneo ya 125 Hz, ili sikio lidhani kuna besi zaidi ya iliyopo. Ndo kile kile nilichokiskia kwenye Wharfedale kule Sakina. Boksi lililozibwa pia besi yake inateremka taratibu, desibeli 12 kwa kila oktavu (kila Hz zikipungua nusu), wakati lenye bomba likishafika mwisho linaanguka kwa 24, kwa hiyo ukiliweka karibu na ukuta linachanganyika vizuri na msaada wa chumba. Ukikutana na spika ndogo zilizozibwa za kampuni yoyote nzuri kwa bei ya mtumba, zisikilize kwa makini.

Edifier R1280T kwa asiye na amplifaya

Hii ni habari nyingine. Ina amplifaya yake ndani, wati 21 kila upande, wufa ya inchi 4, bomba liko mbele, na pembeni kuna vitufe vya kuzungusha vya besi na trebo. Mdogo wangu anayo hosteli. Haina utulivu wala kina cha zile mbili za juu, sauti za watu zina uboksi kidogo, ila kitufe cha besi hapo pembeni kinafanya kazi kubwa, usiku unakiongeza robo, mchana unakirudisha. Bomba kuwa mbele maana yake unaisogeza ukutani bila wasiwasi sana. Haina blututhi, unachomeka waya wa simu, mimi naona bora hivyo, kitu kimoja kidogo cha kuharibika.

Na umeme ukikatika, kama una inveta ndogo na betri, inakula umeme kidogo sana, kwa hiyo muziki wa usiku haukatiki. Angalizo ni kwamba spika yenye umeme ndani ikipata soketi isiyo na ethi nzuri inaweza kutoa mngurumo, na kwenye sauti ya chini mngurumo unauskia kuliko muziki. Jaribu kwenye soketi ya nyumbani kwako kabla hujamruhusu muuzaji aondoke.

Kwa mwanafunzi au mtu aliehamia chumba kimoja, ningemwambia achukue hii asiangalie nyuma, hela inayobaki anunue zulia.

Sabufa za seti na maboksi makubwa ya mtumba

Sabufa ya seti sina mengi, besi yake ni ya noti moja na inapita ukutani moja kwa moja kwa bibi. Ukuta wa tofali unazuia trebo, besi hauizuii.

Maboksi makubwa ya mtumba ndo nilikotoka, na wufa kubwa ina raha yake hata chini, siwezi kukana. Ukienda kuyaangalia toa wavu wa mbele uangalie mzunguko wa wufa, ukiwa wa sponji ubonyeze taratibu kwa kidole, ukikwaruza au ukivunjika achana nalo au ushushe bei kabisa. Beba betri ya kawaida ya 1.5 V, gusisha kwenye sehemu ya waya ya spika, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, wufa inatakiwa iruke mbele, ikirudi nyuma huenda kuna fundi alishageuza waya ndani. Spika ya omu 8 ukiipima kwa mita itasoma kama 6 hivi, ikisoma sifuri au isisome kabisa koili (waya uliozungushwa ndani ya wufa) imekufa. Na geuza amplifaya yako usome nyuma, wengine wameandika omu 6 mpaka 16, spika ya omu 4 hapo itaipasha moto ukifungulia.

Kitufe cha LOUDNESS na mahali pa kuweka

Kabla hujatoa hela yoyote fanya hivi na spika ulizonazo. Kile kitufe kimeandikwa LOUDNESS ambacho watu wanakiacha kimebonyezwa mchana na usiku, kiliwekwa kwa ajili ya ile habari ya Fletcher na Munson, kinapandisha besi pale sauti inapokua ndogo. Mchana kizime. Yamaha kwenye amplifaya zao kama A-S301 wamekifanya cha kuzungusha: unaweka sauti kubwa kabisa unayoweza kuvumilia, halafu unashusha kwa kile kitufe cha loudness badala ya kile cha sauti, na kadri unavyoshusha sauti za kati zinapungua zaidi ya besi. Hiki ndo kilichoibadilisha Q kwangu. Nilipoijaribu kwa amplifaya ya namna hiyo, ile besi niliyokua naitafuta ikaja mbele bila kuvuma, na nikaelewa kwanini yule jamaa wa Kijenge hawezi kuziuza.

Chumba nacho kinakusaidia bure. Ukuta mpaka ukuta futi 10 ni kama mita 3, na mawimbi ya 56 au 57 Hz yanajijaza humo yenyewe. Ukikaa katikati kabisa ya chumba hiyo besi inapotea, ukisogeza kochi mpaka ukutani inarudi. Mimi kochi nimelisogeza sentimita 60 tu na nikapata besi ambayo ningeitafuta dukani. Spika nazo ukizisogeza karibu na ukuta besi inapanda, kwa nadharia mpaka desibeli 6, ndo maana za sauti ya chini sio lazima ziwe katikati ya nyumba kama picha za mitandaoni.

Kwa ajili ya jirani, usiziegeshe kwenye rafu iliyofungwa kwenye ukuta wenu wa pamoja. Mimi nimekata ndala mbili za zamani vipande vinne vinne, kila kona ya spika kipande kimoja, meza haitetemeki na besi imekua safi zaidi. Chini kwenye marumaru nimetandika zulia kati yangu na spika, kabla ya hapo makofi yalikua yanalia chumba kizima. Masika mvua ikipiga bati hakuna spika itakayokusaidia, hapo weka earphone au lala.

Nilichukua Wharfedale. Ndugu yangu alikua anarudi kutoka Uingereza akaja nazo, zina miezi minne sasa, soksi iko kwenye ya kushoto tu ambayo iko kwenye kona, loudness imezimwa kabisa. Ukienda kujaribu za kwako beba wimbo ambao besi gitaa lake unalijua kwa kichwa, mwambie muuzaji ashushe mpaka muweze kuongea bila kupaza sauti, kaa mita 2, funga macho ulifuate lile gitaa kwa dakika tano nzima. Likikupotea njiani, hata kama trebo inang'aa kiasi gani, mwambie alete nyingine.